Sura ya Tisa: Bado ya Mama

Siku Beto aliporudi dukani kwa Mama, nilikuwa nimevua viatu. Nimekaa nyuma ya kaunta, miguu nimeipandisha juu ya kreti la soda, namtazama Mama akikunja sambusa kwa mikono isiyojua kupumzika. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi hospitalini, kule Harborne. Nimegeuza wagonjwa, nimebadilisha mashuka, nimeshika mikono ya watu wasiojua mimi ni nani. Kisha nikapanda basi, nikashuka, nikapanda jingine, na katika hilo la pili nikalala hadi nikapitishwa kituo. Nikairudia Stratford Road kwa miguu. Mtu akichoka namna hiyo, hata moyo hukaa kitako. Hautaki kuulizwa swali.

"Usigeuke," Mjomba Mwadini akasema. Alisimama dirishani na kikombe chake cha chai, akiilinda teksi yake isiandikiwe faini. "Kiungo anavuka barabara."

Sikugeuka. Nilianza kutafuta viatu kwa vidole vya miguu.

Mjomba alimwita Kiungo tangu mwanzo. Kwanza, Beto Zamarripa alikuwa kiungo kweli, mchezaji wa kati, aliyeletwa kutoka Meksiko kuja kuichezea klabu moja ya hapa Birmingham. Pili, msimu wa kwanza haujaisha kiungo cha goti kikamharibikia. Tatu, Mama anauza viungo vya pilau. "Nyumba nzima ni viungo," Mjomba alipenda kusema, "ila hakuna kilichoungana."

Tulikuwa hatujaonana tangu tugombane bustanini, siku aliponiambia wakala wake anamtafutia timu kwao. Nilimwambia, kwa hiyo umeshaamua. Akasema hajaamua kitu. Nikasema mtu hatafutiwi asichokitaka. Niliinuka nikamwacha amekaa, mguu wake mbovu ameunyoosha kwenye nyasi, na tangu siku ile simu yangu ilikuwa ikilia nami naitazama tu. Kama unavyomtazama mtoto wa mwenzio analia, unatamani kumbeba na mikono haiinuki.

Mlango ukagonga kengele.

"Shikamoo, Mama," Beto akasema. Shikamoo yake ilikuwa na "ch" mbele, haikuwahi kunyooka.

"Marahaba," Mama akajibu bila kuinua macho. "Goti limepona?"

"Bado, Mama."

Nilimwona Mama akiuma mdomo asitabasamu. Neno lile alimfundisha yeye mwenyewe, kwenye kaunta hii hii, majira ya baridi, Beto alipokuwa anashinda hapa kwa kuwa hakuwa na mazoezi wala ndugu. "Chai tayari?" "Bado." "Sambusa zimeiva?" "Bado." Akamweleza kwamba kwetu mtu akikuuliza umeoa, umezaa, umejenga, husemi hapana. Hapana ni kufunga mlango na kutupa ufunguo. Sema bado. Beto akalishika. Siku moja Mama akamtega, mimi nipo, akamuuliza umesilimu? Beto akaweka kikombe chini, akafikiri, akasema, "Bado, Mama." Alikuwa ameanza kusoma dini, polepole, bila kusukumwa na mtu. Mama aliingia jikoni akacheka peke yake, kisha akatoka na uso wake ule ule wa kumkataa.

Na alimkataa kweli. Hata siku ya kwanza alimfukuza, ingawa ile haikuwa kwa chuki. Beto aliingia akiulizia "jamaika." Mama akamwambia Wajamaika wako Handsworth, apande basi. Yule mtu wa watu akashukuru, akaenda Handsworth, akazunguka huko, akarudi amelowa mvua. Mimi ndiye niliyemwona akinyooshea kidole jagi la juisi ya rozela kwenye friji. Kumbe kwao wanaiita hivyo. Alikunywa gilasi nzima amefumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa yananitazama mimi. Mapenzi yetu yalianzia hapo, nisidanganye.

"Vipi mkataba?" Mjomba akamuuliza kwa Kiingereza. "Wamekuongezea?"

"Hapana."

Mjomba, ambaye angeweza kukusimulia kila pasi aliyopiga Beto tangu afike, alikitazama kikombe chake. Alimwaga chai iliyobaki kwenye sinki, akachukua funguo za gari. "Nina abiria wa uwanja wa ndege," akasema. Alipopita karibu na Beto alimshika bega, akalibana, akaondoka.

Tulikaa kwenye meza ya pembeni ya friji. Mama alikuwa umbali wa kusikia, kama Mama anavyokuwa siku zote. Mimi na Beto tulizungumza Kiingereza, kila mtu na chake, na kilipotuishia tulichomeka Kiholanzi. Mimi nilisoma Tilburg, Uholanzi, tulipotoka Garissa, kabla hatujaja huku. Yeye alicheza Uholanzi kabla hawajamleta huku. Tulikuwa na lugha ya watu wengine ambayo ndani yake hakuna aliyemzidi mwenzake.

Alikuwa amekonda. Alinitazama miguuni.

"Umesimama siku nzima," akasema.

"Ndiyo kazi yangu. Sema lililokuleta."

"Wakala amepata timu. Kwetu, mji wa milimani. Msimu huu na ujao."

"Na hapa?"

"Hapa wananiambia naweza kufundisha watoto. Nipumzishe goti."

"Kupumzisha ndiyo kustaafu."

"Ndiyo. Wameniambia kwa adabu tu."

Friji ilianza kunguruma, ikanyamaza. Niliviangalia vidole vyake vikikunja na kukunjua leso ya karatasi, nikataka kuvishika, nikaviacha.

"Rukiya, nimechoka," akasema. "Nilitoka nyumbani nina miaka kumi na minne. Kule akademia tulilala bweni moja, vitanda vya ghorofa. Usiku kila mtoto analia ndani ya blanketi lake, asubuhi hakuna aliyelia. Halafu timu kubwa. Halafu Uholanzi, baridi ile unayoijua. Halafu wakanikopesha Ubelgiji, kwa kocha aliyeniita kwa namba ya jezi hadi naondoka. Halafu hapa. Kila mahali, nikishajua mkate mzuri unauzwa duka gani, simu inalia."

"Basi iache ilie."

"Nikikaa, lazima nikae kwa ajili ya kitu. Siwezi kukaa Birmingham kwa ajili ya hali ya hewa."

Nilitaka kucheka. Sikuwa na nguvu.

"Kwa hiyo umekuja kuniaga," nikasema.

"Nimekuja kuuliza. Wakala anataka jibu leo."

Akaketi vizuri, akaweka mikono yake juu ya meza kama mwanafunzi, na nikajua anakuja na Kiswahili, maana midomo ilitangulia kujipanga.

"Rukiya. Unanipenda?"

Niseme ukweli kuhusu nyumba yetu. Sisi neno hilo hatulisemi. Marehemu baba yangu hakuwahi kumwambia Mama, alikuwa anamchambulia samaki miiba. Hata mimi na baba yake Iman, binti yangu, tulioana na kuachana bila neno hilo kupita katikati yetu. Na Beto nilikuwa sijamwambia, mwaka mzima. Nilimpikia, nilimkanda goti kwa mafuta ya moto, nilimngoja nje ya kliniki. Lakini kimoyomoyo nilishamwambia mara zisizo na idadi. Nilimwambia kwenye mabasi. Nilimwambia nikitandika vitanda vya wagonjwa. Hata zile siku tulizonuniana, nilikuwa namwambia.

Kwa hiyo nilipolitoa kinywani kwa mara ya kwanza, lilitoka kama jambo la zamani.

"Bado nakupenda," nikasema.

Beto hakusogea. Aliniangalia kwa macho ya mtu anayesoma ubao wa matokeo ambayo tayari alikuwa ameyahofia. Kisha akaitika kwa kichwa, taratibu, kwa heshima.

"Asante kwa kusema kweli," akasema kwa Kiingereza. Akaukunja uso kidogo alipolinyoosha goti kusimama, akachukua koti lake. "Mama, kwaheri."

Kengele ya mlango ikalia tena. Nilibaki nimeishikilia meza. Nilikuwa nimempa kitu pekee ambacho sijawahi kumpa mtu, naye amekipokea kama risiti na kutoka nje.

Simu ya Mama ikaadhini alasiri. Kwa kawaida Mama huwa keshainuka kabla muadhini hajamaliza. Leo aliendelea kukunja. Sambusa moja ikafunguka, akaikunja upya. Ikafunguka.

"Ulimwambia nini yule?" akauliza.

"Si ulisikia."

"Nilisikia. Nataka kusikia tena."

"Nimemwambia bado nakupenda. Umefurahi? Ameondoka."

Mama akapangusa mikono kwenye aproni yake. "Na yeye bado anayoijua ni ipi?"

"Mama, nimechoka. Usinipe vitendawili."

"Chai bado. Goti bado. Kusilimu bado." Aliyataja pole pole, kama anayerudisha vyombo kabatini. "Hiyo ndiyo bado niliyompa mimi, Rukiya. Hana nyingine."

Ilinijia sauti yangu mwenyewe, jinsi ilivyoingia masikioni mwake. Nimeulizwa unanipenda, nimejibu bado. Sijakupenda. Pengine baadaye. Mwaka mzima wa kungoja, na hilo ndilo jibu.

"Umelijua hilo tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu alipoinuka."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Hakuyakwepa macho yangu. "Nilisema, Mola ameniondolea bila mimi kutia mkono. Kisha sambusa zikakataa kufunga."

"Mama."

"Sikiliza. Mimi yule simtaki. Mchezaji hana nyumba, ana begi. Leo huku, kesho kwingine, na wewe una mtoto. Nitamkataa leo na nitamkataa kesho, kwa sababu zangu, uso kwa uso. Lakini asiondoke kwa neno nililomfundisha mimi nusu." Akanionyesha mlango kwa kidevu. "Amekwenda upande wa kituo. Na goti lile hajafika mbali. Nenda, mwanangu."

Nilikwenda na kiatu kimoja hakijaingia vizuri, nikikanyaga kisigino chake. Stratford Road ilikuwa imejaa, akina mama na vitoroli vya watoto, wanaume mbele ya duka la nyama, magari yamesimama pua kwa mkia. Nilimkuta kituoni, mbele ya duka la nguo za harusi, amekaa kwenye kile kibenchi cha mteremko ambacho hakikaliki vizuri, mguu ameunyoosha, simu mkononi. Nyuma yake masanamu ya dirishani yalikuwa yamevaa dhahabu na nyekundu.

"Bado ziko mbili," nikasema. Sikuwa na pumzi ya salamu.

Akainua macho. "Nini?"

"Kuna bado ya chai. Hiyo ni kitu hakijawa. Na kuna bado nakupenda. Hiyo ni kitu kilishakuwa zamani na hakijaisha. Nilikwambia ya pili. Wewe umechukua ya Mama."

Alinitazama. Nikaona Kiingereza changu kikimwingia kwa zamu, neno kwa neno.

"Neno lile lile?" akauliza.

"Lile lile."

"Mnaishije nyinyi?"

"Tunamsikiliza mtu mpaka amalize. Wewe ulisikia mwanzo ukavaa koti."

Alicheka, na kicheko chake kikanifungua kifua. Lakini kilikatika katikati. Akaitazama simu.

"Nimempigia," akasema.

"Nani?"

"Wakala. Nimekaa hapa, nimempigia. Nimekubali."

Basi likaja, likafungua milango, likaifunga. Hatukuliangalia. Nilikaa kwenye benchi kando yake, mwili ukakumbuka ghafla kwamba ulikuwa umechoka.

"Naweza kumpigia tena," akasema haraka. "Hakuna kilichosainiwa. Namwambia nilikosea lugha."

Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya jina la yule mtu. Ningenyamaza tu, angepiga. Nilikuwa ninataka apige. Namwomba Mungu anisamehe, nilitaka kitu hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Apige, abaki, afundishe watoto wa watu kupiga mipira, ashinde dukani kwa Mama, tuzeeke.

"Subiri," nikasema. "Alipokutajia timu, kabla hujanikumbuka mimi, ulisikiaje?"

"Vibaya."

"Beto."

Alilisugua goti lake.

"Miguu iliniwasha," akasema hatimaye, kama anayekiri wizi. "Hata huu."

Nilikuwa nimemwona majira yote ya baridi akitazama mechi dukani kwa sauti iliyofungwa. Watu kumi wangepita mbele ya skrini asiwaone. Miguu yake chini ya meza ilikuwa ikicheza peke yake, pasi ndogondogo, kushoto, kulia. Nikimzuia leo atabaki, na atanipenda, hilo silitilii shaka. Ila atanipenda akiwa benchi.

"Usimpigie," nikasema.

"Rukiya."

"Usimpigie. Nenda ukacheze."

"Na wewe?"

"Mimi nina zamu kesho. Na Iman ana baba yake Leicester, anamchukua kila Jumamosi na anampenda. Siwezi kumbeba mtoto kama begi la mazoezi. Kwa hiyo siji. Shule ikifunga nitamleta aione hiyo milima, msimu ukiisha utakuja wewe. Hapo katikati tutachoka sana." Nikapumua. "Lakini kuchoka tumeshazoea, sisi wawili. Siyo kitu kipya."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Aliyageuza kwenye magari, na mimi nikamwachia nafasi ya kuyapangusa.

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Mama ndiye aliyenituma. Usifurahi, anataka kukukataa mwenyewe, kwa utulivu."

"Nitakwenda anikatae," akasema. "Kesho. Na mjomba wako awepo, nizungumze naye kiume." Kisha akanigeukia, na ile midomo ikaanza tena kujipanga. "Rukiya, naomba niulize swali lingine."

"Uliza kwa Kiingereza. Kiswahili basi kwa leo."

Akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, mbele ya masanamu yale ya maharusi ambayo hakuyaona hata kidogo. Nikajibu ndiyo kwa Kiingereza. Nikairudia kwa Kiholanzi ili ashibe. Sikuthubutu kuweka neno lolote mbele yake wala nyuma yake.

Basi lingine likatokea kwa mbali. Akasimama, akanipa mkono wa kwaheri. Niliushika, sikuuachia.

"Nakusindikiza," nikasema.

"Ni nini hiyo?"

"Mgeni haachwi mlangoni. Unamtoa, unatembea naye kipande cha njia."

"Lakini hapa wanakujua," akasema. Alilijua hilo vizuri. Mwaka mzima tulikuwa tukipanda mabasi ya barabara hii kama watu wasiojuana, yeye ghorofani na mimi chini, tukikutana mjini. Hakuwahi kulalamika.

"Wananijua," nikasema. "Panda."

Kwenye viti vya mbele alikuwa amekaa Bi Nafiso, jirani yetu, mifuko ya mboga imejaa kiti cha pembeni. Mtu akitaka habari ifike mtaa wa Small Heath kabla yake, humwambia Bi Nafiso. Alimtazama Beto. Akautazama mkono wangu ulivyoshika mkono wake wa koti. Akanitazama mimi, kwa utaratibu, kuanzia mtandio hadi kile kiatu kilichokanyagwa kisigino.

"Rukiya binti Dagane," akasema kwa Kiswahili, ili abiria wengine wasisikie na mimi nisikie vizuri. "Salama?"

"Salama, Habo Nafiso," nikajibu. Habo ni mama mdogo, kwa Kisomali chetu.

"Unaonekana umechoka."

"Nimechoka sana."

"Na bado unapanda basi la kwenda mjini. Na huyu ni nani?"

Basi liliondoka. Beto akayumba, akashika nguzo, akauma meno. Nilikuwa na uwongo mwingi tayari kichwani, mgonjwa wangu, mteja wa Mama, mtu amepotea njia. Niliupitia wote upesi upesi, kama mtu anayepekua kabati la nguo, na hakuna hata mmoja uliokuwa unanitosha tena.

"Mchumba wangu," nikasema. "Amepata kazi Meksiko. Namsindikiza."

Kutoka kituo kile hadi kingine Bi Nafiso alitutazama kwa zamu. Nilimsikia akihesabu moyoni, nani wa kumpigia kwanza. Kisha akashusha pumzi, akaanza kuvuta mifuko yake, mmoja baada ya mwingine, akaipandisha mapajani mpaka majani ya mchicha yakamgusa kidevu.

"Basi mkalishe, mwanangu," akasema. "Huoni anasimamia mguu mmoja?"